Pasi ya mkaa: kisa cha askari mmoja wa Dawati la Jinsia, Tanga

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo nimekaa benchi moja na polisi, hospitalini, vituoni na kwenye korido za mahakama. Kisa hiki ni cha mmoja wao, mwanamke, ambaye hapa nitamwita Afande tu, maana ndivyo nilivyomwita kazini hata siku alizokuwa analia. Ameniruhusu nikiandike. Nimeficha kituo, mtaa na kila kitu ambacho kingemtambulisha binti anayehusika.

Nakiandika kwa sababu wasichana waliomaliza kidato cha nne huja kuniuliza kama polisi kuna maendeleo kwa mwanamke, na nimechoka kuwajibu kwa maneno ya juujuu. Lipo jalada moja ambalo lilimpeleka Afande lindo la usiku akiwa na mtoto wa kunyonya, na jalada hilohilo, bila kubadilishwa hata nukta, ndilo lililomwingiza upelelezi. Miaka yote hii najiuliza kazi ileile iliwezaje kuhesabiwa utovu wa adabu mwezi wa pili, kisha mwaka uliofuata ikaitwa kipaji.

Alikotoka

Ni mtoto wa Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, mama yake akipika vitumbua alfajiri. Alipotaka kujiunga, bibi yake aligoma kabisa: mtoto wa kike avae suruali, ashike bunduki, nani atakuja kumposa? Matangazo ya ajira za polisi yenyewe huongeza hofu hiyo, kwa kuwa hutaka mwombaji awe hajaoa wala hajaolewa. Baba ndiye aliyempa nauli, kimyakimya. Akaenda Shule ya Polisi Moshi, akala kwata na baridi, akamaliza. Kituo chake cha kwanza kilikuwa bara, mbali na nyumbani, na baada ya muda akahamishiwa Tanga.

Alirudi akiwa konstebo mwenye namba inayoanzia na WP kama askari wa kike wote, na akawekwa kaunta. Miaka minne kaunta! Wenzake wa kiume aliotoka nao depo walikuwa wameshaonja doria, upelelezi, barabarani. Yeye alikuwa akiandika: nani kaingia, saa ngapi, kalalamikia nini, kapewa RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, ipi. Aliichukia kazi ile. Nataka msomaji aikumbuke hiyo kaunta, maana itarudi.

Kisha yakaja madawati. Mtandao wa Polisi Wanawake ulianzishwa 2007, wakati Said Mwema akiwa Inspekta Jenerali, na katika miaka iliyofuata Dawati la Jinsia na Watoto, la kupokea mashauri ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto, likaanza kufunguliwa kituo baada ya kituo. Kwake, dawati lilikuwa chumba kilichokuwa stoo, chenye meza moja, viti viwili na kabati lisilofunga. Alipokabidhiwa ufunguo aliambiwa, “Wewe ni mama, utawaelewa wenzako.”

Sentensi hiyo ilisemwa kwa nia njema, na nina hakika aliyeisema hakujua anachofanya. Lakini ndani yake mna tatizo zima. Hakuambiwa amepewa dawati kwa kuwa anaandika maelezo vizuri, au kwa kuwa mtu aliyeogopa humfungukia. Alipewa kwa kuwa ni mama. Na kazi mtu anayopewa kwa sababu ya alivyozaliwa, akiifanya vizuri, hakuna anayemsifu kwa ujuzi. Wanasema ana huruma.

Ijumaa jioni

Yafuatayo yalitokea miaka michache baada ya Sheria ya Mtoto ya 2009 kupita. Ilikuwa Ijumaa, saa 11:20 jioni. Mama mmoja muuza mihogo aliingia kituoni akimshika mkono binti aliyevaa dera kubwa kuliko mwili wake. Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umeviringwa kipande cha kanga. “Afande, mimi sitaki jina langu liandikwe,” yule mama alisema, “lakini huyu mtoto atafia nyumba ya watu.”

Binti alikuwa mfanyakazi wa ndani, Msambaa kutoka milima ya Lushoto. Kwa wasioijua Tanga, hii ni njia ya zamani na iliyozoeleka: msichana anashushwa na basi kupitia Soni, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, akiwa na mfuko mmoja wa nguo, na mlangoni anapokelewa na mtu anayejiita shangazi.

Nusu saa haikupita, mwenye nyumba akafika na kaka yake. Mama wa heshima zake, mwenye duka la jumla, anayechangia harusi na misiba ya watu. Aliongea kwa upole. Mtoto alikuwa anapiga pasi ya mkaa, ikamteleza, akaungua. Majumbani ajali hazikosi. Alikuwa tayari kumpeleka hospitali mwenyewe, hakujua kwa nini majirani wameingilia. Askari wa kaunta alikuwa ameshaanza kuandika “ajali ya nyumbani”.

Afande alimwomba yule askari asubiri kidogo, akamwingiza binti kwenye kile chumba cha stoo na kufunga mlango. Hakumuuliza nani kamfanya nini. Aliuliza kama amekula. Akatuma chai na andazi. Binti alipomaliza, Afande akavua mtandio wake, akaukunja na kuutandika mezani kama nguo inayosubiri pasi, akaweka juu yake kopo la kalamu. “Hebu nionyeshe, unapiga pasi vipi kwa bi mkubwa?”

Mkono uliofungwa kanga ndio ulioinuka. Ulifika hewani, ukakumbuka maumivu, ukashuka. Binti akatumia wa kushoto, akalisukuma kopo kwa shida, mara likaanguka.

Afande aliniambia kwamba pale moyo ulimpiga paa. Binti alipiga pasi kwa mkono wa kulia. Na jeraha, walipofungua kanga, lilikuwa mgongoni mwa mkono huohuo wa kulia, pembetatu kamili yenye ncha kuelekea vidoleni. Mtu aliyeshika mpini wa pasi kwa mkono wa kulia hawezi kujichoma pasi hiyo mgongoni mwa mkono huohuo. Ijaribu mwenyewe na kikombe. Pasi ikiteleza huunguza mkono wa pili, ule unaonyoosha nguo, au huangukia mguuni.

Ndipo akaanza kuandika maelezo. Aliandika saa ya kuanza, 12:05 jioni, na saa ya kumaliza, 12:50. Akachora mkono kwenye karatasi ya pembeni na kuonyesha ncha ilikoelekea. Akaeleza jaribio la kopo kama lilivyotokea, na nani alikuwepo chumbani. Akatoa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, akakodi bajaji kwa pesa yake mwenyewe hadi Hospitali ya Bombo. Daktari alijaza fomu ile usiku huo: kuungua mgongo wa mkono, na makovu mengine ya zamani kwenye mkono wa juu na mgongoni. Wiki kadhaa baadaye, kidonda kilipofunga, vidole viwili vilibaki vimejikunja na havikunyooka tena. Daktari akaandika na hilo.

Nimesoma majalada mengi ya ujambazi na ya dawa za kulevya. Sijaona upelelezi safi kuliko ule wa kopo la kalamu. Na hakuna pale kituoni aliyeuita upelelezi.

Kosa

Kisa hiki kingekuwa kitamu zaidi kama ningeruka sehemu hii, lakini hakitamfaa anayetaka kujifunza kazi.

Walipotoka Bombo ilikuwa karibu saa 4 usiku. Mtoto hakuwa na pa kulala. Kumrudisha kule isingewezekana, na kumlaza kituoni jirani na mahabusu ni ukatili mwingine. Mtoto aliye katika hatari ni jukumu la ustawi wa jamii wa halmashauri, yaani jukumu letu, na usiku ule lilikuwa jukumu langu. Nilikuwa msibani Pangani. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Nilikuwa sijampa mtu yeyote namba ya mwenzangu wa kushika nafasi, wala hatukuwa na orodha ya familia za kuaminika za kupokea mtoto usiku. Afande alinipigia mara saba. Nilizikuta asubuhi.

Akamchukua binti hadi kwake, kota za polisi. Akamlaza na watoto wake, akamkanda, akampaka dawa aliyopewa. Kibinadamu, nani angefanya tofauti? Kikesi, lilikuwa kosa kubwa. Shahidi mkuu alikuwa amelala nyumbani kwa mpelelezi, na wakili yeyote aliyefika darasa la pili la kazi yake angejua la kufanya na jambo hilo. Afande anasema lilikuwa kosa lake. Mimi nasema lilikuwa langu kwa sehemu kubwa, na nimelibeba hadi leo.

Kadi ya kliniki

Mwenye nyumba alisema binti ana miaka kumi na sita. Binti mwenyewe hakujua; alijua alizaliwa msimu wa mvua. Kwa macho, njaa humpunguza mtoto na kazi humzeesha, kwa hiyo macho hayasaidii.

Umri ulikuwa na uzito wa aina mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ikaweka kiwango hichohicho hata kwa kazi nyepesi. Pili, mahakamani mtoto asiyezidi miaka 14 huhesabiwa wa umri mdogo, na wakati ule hakimu alitakiwa kwanza amhoji na kuandika kama anaelewa maana ya kiapo. Kama haelewi, je, ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli? Hakimu akiuruka mtihani huo, au akiufanya bila kuuandika, ushahidi ulikuwa katika hatari ya kuanguka kwenye rufaa. Kesi nyingi za watoto zilifia hapo kabla sheria haijabadilishwa 2016, ambapo sasa mtoto wa umri huo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo.

Umri huthibitishwa na mzazi, ndugu, mtoto mwenyewe, daktari au cheti. Afande hakukaa kusubiri barua kwenda na kurudi. Alitafuta namba ya mtendaji wa kijiji, akamwomba amwambie mzazi aje na kadi ya kliniki, ile ya chanjo. Jumanne asubuhi baba akashuka basi, amevaa koti zito na buti zenye udongo mwekundu wa mlimani, kadi akiwa ameiweka ndani ya mfuko wa sukari uliofungwa mafundo mawili.

(Huwa nafikiria kwamba mzee yule alitoka milima ileile yalikokuwa makao makuu ya kwanza ya polisi wa Tanganyika. Jeshi lilipoundwa 1919 lilikaa Lushoto, na baadaye ndipo makao yakahamia Dar es Salaam. Baba huyo hajawahi kuingia kituo cha polisi maisha yake yote. Alisimama mlangoni akivua kofia.)

Afande alimsalimia shikamoo, akampa kiti, akampa chai. Halafu, kabla ya kumweleza habari za mkono wa mwanawe, akaomba kadi na akaandika maelezo yake: mtoto kazaliwa lini, nani alikuja kumchukua, alisema anampeleka kufanya nini, mshahara ulitumwa mara ngapi. Tarehe za chanjo zilikuwepo zote, kwa wino wa bluu uliofifia. Binti alikuwa na miaka kumi na tatu.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuanza na habari za jeraha, alinijibu, “Dada, nilijua mchana watamfuata. Nilitaka kweli yake kabla hawajaifikia.”

Na mchana walimfuata.

Yaliyopita si ndwele

Saa 9 alasiri mzee alirudi akiwa na kaka wa mwenye nyumba na mzee mwingine wa mtaa, mtu wa hekima anayeheshimika. Walikuwa na karatasi. Baba ameandika kwamba hana kinyongo, wamekubaliana kifamilia, matibabu yatalipwa, amepewa laki mbili na nauli, anaomba kesi ifutwe. Yule mzee wa mtaa akaongea kwa utulivu: binti zetu hawa ni wetu sote, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimeketi pembeni ya kabati lisilofunga. Nakumbuka nilivyoutazama mkono wa binti. Yaliyopita si ndwele, sawa, lakini ndwele yenyewe ilikuwa pale mezani, imefungwa bandeji.

Ni lazima niseme kwamba suluhu si jambo la aibu kisheria. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inaruhusu mahakama kuhimiza upatanishi katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya binafsi. Hairuhusu katika kosa kubwa la jinai, wala palipo na ukatili uliokithiri. Kidonda kinachoacha ulemavu wa kudumu kinaingia kwenye kudhuru vibaya, ambako Kanuni ya Adhabu ilitoa kifungo cha hadi miaka saba. Hivyo wazee wale walikuwa wanaomba kitu ambacho baba hakuwa na mamlaka ya kukitoa, na kituo hakikuwa na mamlaka ya kukipokea. Ila vituo hupokea. Jalada haliitwi limefutwa; linaambiwa “mlalamikaji hana nia ya kuendelea”, kisha linalala kabatini.

Afande hakumkaripia baba. Nilimpenda sana kwa hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakasirika. Laki mbili kwa mtu aliyepanda basi kwa nauli ya kukopa ni fedha ya kufumba macho. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma taratibu, akaigonga muhuri wa tarehe, akaiweka ndani ya jalada. Ndani, si pembeni. Kisha akasema:

“Baba, barua yako nimeipokea, na mwendesha mashtaka ataisoma. Lakini kesi hii si yako, wala si yangu, wala si ya mama yule. Ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi wa umri wa mwanao, na maelezo yako ya asubuhi yameshaandikwa. Hiyo fedha kamnunulie dawa.”

Mzee alishika kofia yake, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kwa Kisambaa, akimwelekea binti, kama mkono unauma.

Jalada lilipelekwa kwa mwendesha mashtaka siku ileile. Na hapa kuna kosa la pili la Afande, dogo lakini lililomgharimu: hakumweleza mkuu wake kwanza. Anasema aliogopa angezuiwa. Labda. Lakini jeshini hakuna kinachomuudhi mkubwa kama kusikia habari ya kituo chake kutoka nje, na siku iliyofuata alizisikia kutoka kwa kaka wa mwenye nyumba.

Lindo

Wiki mbili baadaye aliondolewa dawati. Sababu iliyotajwa ni upungufu wa askari. Akapangiwa lindo la benki, usiku. Mwanawe wa mwisho alikuwa na miezi mitano.

Hapa naomba msomaji atulie na jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ile ya ajira ya 2004, ambayo Afande aliitumia kumtetea binti wa watu, inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe ndani ya muda wa kazi. Sheria hiyohiyo, katika masharti yake mengi na hilo likiwemo, haimhusu askari polisi. Imewaweka kando pamoja na wanajeshi wa JWTZ, Magereza na JKT. Alikuwa amesimama nje ya nyumba aliyokuwa anawagawia wengine ufunguo.

Kila usiku, saa 3, mdogo wake alikuja na baiskeli, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga. Afande alinyonyesha ndani ya kibanda cha mlinzi. Askari aliyekuwa naye lindo, kijana wa Mara, alikuwa akisogea hatua kumi, anawapa mgongo, anatazama barabara kwa wote wawili. Hakuwahi kusema neno, wala kuripoti. Nimemkumbuka hapa kwa sababu watu wakisimulia habari za wanawake kazini huwa wanasahau wanaume wa namna hii.

Alidumu lindoni miezi kumi na moja. Alikaribia kuacha kazi mara mbili. Mara moja barua ilikuwa imeshaandikwa. Kilichomzuia, anasema, ni wito wa mahakama. Alikuwa shahidi, na hakutaka kusimama kizimbani akiwa raia aliyeshindwa.

Mahakamani

Siku hizo mashtaka bado yaliendeshwa na polisi, na aliyeshika kesi alikuwa mkaguzi makini, mtu wa maneno machache. Hakimu alimhoji binti na kuandika kila jibu. Binti alitoa ushahidi wake mkono ukiwa mapajani. PF3 ilipokelewa na kusomwa kwa sauti, na daktari akaitwa kuhojiwa, jambo la muhimu, maana mshtakiwa asipoelezwa haki yake ya kumtaka daktari afike, fomu hiyo huweza kuondolewa kabisa kwenye ushahidi.

Kisha wakili wa utetezi akamgeukia Afande. Swali la kwanza: usiku ule mtoto alilala wapi? La pili: na nani? La tatu: mlizungumza nini kabla hajaandikisha maelezo?

Nilifumba macho. Lakini Afande aliomba aangalie maelezo. Yalianza saa 12:05 jioni, yakaisha 12:50. PF3 ilitolewa saa 1:15 usiku. Daktari aliandika saa 2:30. Kitabu cha kaunta kilionyesha walitoka na kurudi saa ngapi. Kabla ya mtoto kukanyaga kota, kila neno lake lilikuwa limeshaandikwa, na jeraha limeshapimwa na mtu mwingine. Wakili alirudi kwenye swali lile mara tatu, na saa zikawa zilezile.

Kaunta. Ile miaka minne aliyoichukia, ya kuandika nani kaingia na saa ngapi, ndiyo iliyoziba tundu la kosa lake. Sisemi hivyo kuhalalisha askari wa kike kuachwa kaunta. Nasema kwamba alitoka huko na ujuzi ambao hakuna aliyewahi kuuweka kwenye tathmini yake.

Mwenye nyumba alitiwa hatiani kwa kudhuru vibaya. Alipewa kifungo, na mahakama ikaamuru fidia kwa binti. Baba alikuja kutoa ushahidi wa umri, na alisema kweli yote, laki mbili zikiwemo.

Aliyelisoma jalada

Mkuu mpya wa upelelezi wa wilaya alihamia muda mfupi baada ya hukumu. Ana tabia, au alikuwa nayo, ya kusoma majalada ya kesi zilizoshinda, si zilizoshindwa tu. Akakuta mchoro wa mkono na maelezo ya kopo la kalamu. Akauliza, “Nani kaandika haya?” Akaambiwa yuko lindo. Kesho yake Afande aliitwa, na ndani ya mwaka alikuwa kwenye kozi ya upelelezi. Baadaye ikafuata kozi ya uongozi mdogo, tepe mbili za koplo, kisha tatu za sajenti. Leo ana nyota moja begani, Mkaguzi Msaidizi, na yuko mkoa mwingine.

Watu hulisimulia hili kama ushindi. Mimi huniacha na baridi. Lilitegemea mtu mmoja kuhamishiwa Tanga na tabia yake ya kusoma. Kama angekuja mwingine, au kama huyu angehamishwa mapema, kwa ile kauli ya Tanga ya “waja leo waondoka leo”, Afande angekuwa lindoni, au nyumbani akiuza vitumbua kama mama yake. Jalada lilikuwa lilelile siku ya kwanza na siku liliposomwa. Kilichobadilika ni jina la chumba. Lilipotoka kwenye stoo ya “mambo ya akina mama” na kuingia ofisi ya upelelezi, likawa upelelezi.

Kwa hiyo msichana akiniuliza kama kuna maendeleo polisi kwa mwanamke, simdanganyi. Yapo: Suzan Kaganda alifika cheo cha Kamishna wa Polisi, na miaka ya nyuma hilo lilikuwa halifikiriki. Lakini namuuliza na yeye, utaandika saa? Utamweleza mkubwa wako kabla mtu wa nje hajamweleza? Una ndugu mwenye baiskeli? Na kwa wakubwa wanaosoma hapa naomba kitu kimoja kinachowezekana kesho asubuhi: mnapojaza tathmini ya askari wa dawati, msiandike idadi ya mashauri yaliyopokelewa tu. Fungueni jalada moja mlisome.

Binti alirudi shule, akamaliza la saba, akajifunza cherehani. Ana kibanda chake Soni. Pasi yake ni ya umeme, na anaishika kwa mkono wa kushoto.

Mwaka Afande alipofanyiwa usaili wa kupandishwa kuwa mkaguzi msaidizi, waliomhoji walimtaka ataje kesi kubwa aliyowahi kuipeleleza. Aliniambia alitaja wizi wa gari lililovushwa mpaka wa Kenya pale Horohoro. Nilishangaa. Nilimuuliza kwa nini hakutaja pasi ya mkaa.

“Dada,” alisema, “ile wangesema ni ya dawati.”